Kupima Kasi ya Habari Katika Neva

Yamkini umewahi kujikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe wakati ulipokuwa ukikimbia. Jaribu kukumbuka jinsi mambo yalivyofuatana. Kwanza ulitambua kwamba umegonga kitu. Halafu, baada ya kitambo kifupi sana, kiasi cha kukuwezesha kusema moyoni, "Sasa nitaumia", maumivu makali yakafika. Kidole kilikuwa kimoja, na jiwe lilikuwa moja. Kwa nini basi habari ya kugonga na habari ya maumivu hazikufika pamoja?

Katika sura hii tutalitafuta jibu la swali hilo kwa kuipima miili yetu wenyewe. Hatutahitaji maabara. Tutahitaji rula mbili za sentimita 30, saa ya kupimia mbio kama ile aitumiayo mwalimu wa michezo (simu nyingi za mkononi nazo zinayo), kipande cha waya laini, pamba kidogo, daftari na wenzetu darasani. Watu wengi hudhani kwamba uchunguzi wa ubongo na neva ni kazi ya madaktari wa hospitali kubwa peke yao. Sivyo. Utaona hapa mbele kwamba mmoja wa wataalamu mashuhuri wa elimu hii alifanya kazi yake kwa kutumia bikari, ambayo bila shaka unayo katika kikebe chako cha vifaa vya hesabu.

Ulipojifunza juu ya milango ya fahamu ulielezwa kwamba macho, masikio, pua, ulimi na ngozi hupokea habari kutoka nje ya mwili. Habari hizo hupelekwa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, ambayo huitwa pia neva. Neva zitokazo mikononi na miguuni huingia kwanza katika ugwe mgongo, yaani ile kamba nene ipitayo ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, kisha habari hupanda hadi kwenye ubongo. Ubongo ukiisha kuamua la kufanya, hutuma amri kwenye misuli kwa kupitia neva nyingine. Safari hiyo yote huchukua muda. Muda huo ndio tutakaoupima.

Jaribio la kwanza: Kuikamata rula

Keti kitini, uegemeze mkono wako juu ya meza ili kiganja kitokeze nje ya ukingo wa meza. Acha nafasi ndogo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mwenzako asimame mbele yako na aishike rula wima, ile alama ya sifuri ikiwa katikati ya vidole vyako, lakini rula isiviguse. Bila kukuonya, aiachie. Nawe, mara uionapo inaanza kuanguka, ikamate. Soma alama iliyo juu ya kidole gumba na uiandike katika daftari.

Rudia jaribio hili mara kumi, kisha utafute wastani. Usiridhike na kipimo kimoja. Mara nyingine utakuwa umeshtuka, mara nyingine utakuwa umeyaelekeza macho kwingine, na mara nyingine utakuwa umebahatisha tu. Kipimo kimoja hukueleza habari za mara ile moja, bali wastani wa vipimo kumi hukueleza habari zako wewe.

Kila kitu kiangukacho huongeza mwendo kwa namna ijulikanayo, kwa hiyo tunaweza kuugeuza umbali iliouanguka rula kuwa muda. Tumia jedwali hili:

Sentimita 5 – sekunde 0.10
Sentimita 10 – sekunde 0.14
Sentimita 15 – sekunde 0.17
Sentimita 20 – sekunde 0.20
Sentimita 25 – sekunde 0.23
Sentimita 30 – sekunde 0.25

Wanafunzi wengi huikamata rula kati ya sentimita 15 na 25. Basi kutoka jicho kuona hadi vidole kufumba hupita muda wa sekunde 0.2 hivi. Huenda ukauona muda huo kuwa mdogo usio na maana. Hebu tuutumie katika mchezo. Mwenzako aishike wima noti iliyonyooka, vidole vyako vikiwa tayari katikati ya noti. Akiiachia bila kukuonya, unaweza kuikamata? Nusu ya noti ni sentimita 7 hivi, nayo humaliza kupita katika vidole vyako kwa muda wa sekunde 0.12. Noti itaanguka chini kabla amri ya ubongo haijafika mkononi. Yeyote aikamataye ama amebahatisha, ama ameona vidole vya mwenzake vikijiandaa kuachia.

Lakini jambo hili si mchezo barabarani. Dereva akimwona mtoto ameingia barabarani ghafla, hana budi kuona, kutambua, kuamua, kuuondoa mguu kwenye kikanyagio cha mafuta na kuuweka kwenye breki. Kazi hiyo yote aghalabu huchukua sekunde moja au zaidi. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja. Pima mita 17 katika uwanja wa shule, usimame mwisho wa kipimo, utazame nyuma. Huo ndio umbali ambao gari hupita likiwa na mwendo wake wote, kabla breki hazijaguswa kamwe. Baada ya hapo ndipo gari huanza kupunguza mwendo.

Sasa ulibadili jaribio. Fumba macho. Mwenzako aseme "Haya!" wakati ule ule anapoiachia rula, nawe ukamate kwa kusikia. Kisha fanya tena ukiwa umefumba macho, naye akuguse bega kwa mkono mwingine anapoiachia. Linganisha wastani wa kuona, wa kusikia na wa kuguswa.

Mwanga husafiri upesi kuliko sauti, kwa hiyo ungetazamia kwamba mtu ataitikia upesi zaidi akiona. Vipimo vya maabara huonyesha kinyume chake. Mtu huitikia sauti kwa sekunde 0.15 au 0.16 hivi, lakini mwanga kwa sekunde 0.19 au 0.2. Sababu imo ndani ya jicho lenyewe. Mwanga ukiingia katika jicho huleta kwanza mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko hayo ndiyo yaanzishayo habari katika neva. Kazi hiyo ina hatua nyingi, nazo huchukua muda. Katika sikio, sauti hutikisa vinyweleo vidogo mno, na habari huanza karibu papo hapo. Kama matokeo ya darasa lako hayakuwa hivyo, usiyabadili. Chunguza kwanza kama mdomo wa mwenzako na vidole vyake vilifanya kazi kwa wakati mmoja, maana yeye naye ana ubongo na neva, na kuchelewa kwake kumechanganyika na kuchelewa kwako.

Liko jaribio jingine fupi la rula. Mwenzako ashike rula mbili, moja mbele ya kila mkono wako. Aiachie moja tu, bila kukueleza ni ipi, nawe ufumbe mkono mmoja tu, ule unaotakiwa. Utaona kwamba unachelewa zaidi kuliko ulipokuwa na rula moja. Macho ni yale yale na mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni kazi ya kuchagua. Franciscus Donders, daktari wa Uholanzi, alitumia kutoa kwa namna hii katika miaka ya 1860 ili kuukadiria muda ambao akili huutumia katika kuamua. Kabla yake ni wachache waliofikiri kwamba wazo linaweza kupimwa kwa saa.

Jaribio la pili: Mnyororo wa darasa

Rula imepima safari nzima: jicho, ubongo, neva za mkono na misuli. Haikutuambia kasi ya habari ndani ya neva peke yake. Tutaitengaje safari ya neva na mambo mengine yote?

Hapa ndipo panapohitajika werevu kuliko vyombo. Kama ukiguswa begani, habari husafiri kutoka begani hadi kwenye ubongo, kisha amri husafiri hadi mkononi. Kama ukiguswa kwenye kifundo cha mguu, ubongo ni ule ule, mkono ni ule ule, lakini habari ina njia ndefu zaidi ya kupanda. Basi muda wa mguuni ukitoa muda wa begani utabaki na kitu kimoja tu: muda ambao habari imeutumia kupita kati ya kifundo cha mguu na bega.

Muda huo ni mdogo sana, wala saa ya mkononi haiwezi kuupima kwa mtu mmoja. Lakini tukiwaunganisha wanafunzi wengi, vichelewo vidogo vitajumlishwa hadi vionekane. Wanafunzi wakiwa 50 au 60 darasani, jambo ambalo mwalimu wako huenda hulilalamikia siku nyingine, katika jaribio hili ni faida tupu.

Ketini chini kwa duara, kila mmoja akitazama mgongo wa aliye mbele yake, na wote mfumbe macho isipokuwa kiongozi. Kila mwanafunzi akishike kwa mkono wa kulia kifundo cha mguu cha aliye mbele yake. Kiongozi, ambaye ana saa katika mkono wa kushoto, aianzishe saa na papo hapo amminye aliye mbele yake. Kila mwanafunzi, mara ahisipo kuminywa, amminye aliye mbele yake. Mnyo huo utazunguka duara lote hadi urudi kwa kiongozi mwenyewe, naye ataisimamisha saa.

Msiandike matokeo ya mizunguko mitano ya mwanzo. Mizunguko hiyo ni ya kujizoeza tu, na wengi watacheka, kwani kucheka hakuzuiliki. Mtakapoona kwamba muda hauendelei kupungua sana, anzeni kupima kweli. Fanyeni mzunguko mmoja wa kifundo cha mguu, kisha mmoja wa bega, kisha mguu, kisha bega, hadi mpate vipimo sita vya kila aina. Msifanye vipimo vyote vya mguu kwanza na vya bega mwisho. Kadiri mnavyorudia ndivyo mnavyozidi kuwa wepesi, na kama bega likiwa mwisho litaonekana kuwa na kasi kwa sababu ya mazoezi, si kwa sababu ya neva. Mkono umminyao mwenzako lazima uwe ule ule wa kulia katika mizunguko yote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 50. Wastani wa mizunguko ya mguu ni sekunde 14.0, na wastani wa mizunguko ya bega ni sekunde 13.0. Tofauti ni sekunde 1.0. Ukiigawa kwa wanafunzi 50, kila mmoja amechelewa sekunde 0.02. Mmepima kwa utepe urefu kutoka kifundo cha mguu hadi bega, mkapata wastani wa mita 1. Basi habari imepita mita 1 kwa sekunde 0.02, yaani mita 50 kwa sekunde.

Mita 50 kwa sekunde ni sawa na kilomita 180 kwa saa. Ni mwendo mkubwa kuliko wa basi lolote, lakini ni mdogo sana kuliko mwendo wa sauti hewani, ambao ni mita 340 hivi kwa sekunde. Mkipata 30 au 80 msistaajabu. Kipimo chenu si kamili, na kosa dogo katika saa hubadili jibu sana. Jambo la maana ni kwamba mguu huchelewa kuliko bega, na kwamba kasi mliyoipata si ya umeme katika waya wala si ya mwanga.

Jinsi jambo hili lilivyogunduliwa

Kabla ya mwaka 1850 wataalamu walio wengi waliamini kwamba habari katika neva hupita kwa ghafla, kama kwamba haihitaji muda. Johannes Müller wa Berlin, mwalimu mkubwa wa elimu ya mwili katika zama zake, aliona kwamba yamkini mwanadamu hatapata kamwe njia ya kuipima kasi hiyo. Mwili ni mfupi mno, na habari hupita upesi mno.

Aliyeipima alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Hermann von Helmholtz alikuwa wakati huo akifundisha katika mji wa Königsberg, ambao siku hizi huitwa Kaliningrad na umo katika nchi ya Urusi. Alichukua msuli wa mguu wa chura pamoja na neva yake. Aliigusa neva kwa umeme kidogo mahali palipo karibu na msuli, akapima muda hadi msuli ulipojikunja. Kisha akaigusa mahali palipo mbali, akapima tena. Akatoa muda mfupi katika muda mrefu. Kilichobaki kilikuwa muda wa habari kupita katika kile kipande cha neva kilicho kati ya mahali pale pawili.

Bila shaka umekwisha tambua kwamba hiyo ndiyo njia tuliyoitumia sisi kwa kifundo cha mguu na bega. Katika neva ya chura alipata mita 27 hivi kwa sekunde. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1850 wengi waliziona ngeni. Mtu hupenda kuamini kwamba akitaka kuunyanyua mkono, mkono hunyanyuka wakati ule ule. Helmholtz alionyesha kwamba kati ya kutaka na kutenda mna safari, na kwamba safari hiyo ina urefu na ina muda.

Sasa turudi kwenye jiwe. Neva ni fungu la nyuzi nyingi nyembamba, na nyuzi hizo si za namna moja. Nyuzi zichukuazo habari ya kuguswa ni nene kidogo, tena zimefungwa kwa utando wa mafuta, nazo huipitisha habari kwa mita 50 kwa sekunde au zaidi. Baadhi ya nyuzi zichukuazo habari ya maumivu ni nyembamba mno na hazina utando huo. Hizo huipitisha habari kwa mita 1 hivi kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu atembeaye polepole. Kutoka kidole cha mguu hadi kichwani ni mita moja na zaidi. Piga hesabu mwenyewe: habari ya kuguswa itafika kwa muda wa sekunde 0.03, lakini maumivu yale mazito yaunguzayo yatachukua sekunde nzima au zaidi.

Wanyama wengine hawana utando wa mafuta katika neva zao. Ngisi, yule avuliwaye pwani na kuuzwa sokoni, ana uzi wa neva ambao unene wake waweza kufikia milimita 1, ukaonekana kwa macho matupu. Unene huo ndio umpao kasi ya kuwakimbia maadui. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliutumia uzi huo kuchunguza jinsi habari inavyopita, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Jaribio la tatu: Ngozi hutambua wapi?

Kata kipande cha waya laini chenye urefu wa sentimita 10, ukikunje kiwe na umbo la koleo dogo lenye ncha mbili. Ncha ziwe butu, wala usitumie sindano. Mwenzako afumbe macho. Mguse kwa wepesi kwenye ncha ya kidole, ncha zote mbili zikigusa kwa pamoja, naye aseme kama amehisi ncha moja au mbili. Zisogeze ncha karibu zaidi kidogo kidogo hadi aseme "moja". Pima kwa rula umbali uliokuwapo kabla ya hapo. Mara kwa mara mguse kwa ncha moja tu bila kumwambia, kwani mtu ajuaye kwamba ncha ni mbili daima atasema mbili. Fanya hivyo kwenye kiganja, kwenye mkono juu ya kiwiko, na mgongoni. Usiguse karibu na macho.

Ernst Heinrich Weber wa Leipzig, Ujerumani, ndiye aliyefanya uchunguzi huu kwa bikari na kuuandika mwaka 1834. Kwenye ncha ya kidole watu wengi hutenga ncha mbili zilizoachana milimita 2 tu. Mgongoni huenda zikaachana milimita 40 na mtu bado akasema ni moja. Ncha za vidole zina miisho mingi sana ya neva iliyokaribiana, na sehemu kubwa ya ubongo imewekwa kwa ajili yake. Ndiyo maana kipofu huweza kusoma maandishi ya nukta kwa kidole, wala hawezi kuyasoma kwa kiwiko.

Sasa weka waya, uchukue pamba. Isokote ncha yake iwe kama uzi. Mwenzako akiwa amefumba macho, mguse kwa pamba mahali mbalimbali mkononi, naye kila mara aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Atapaonyesha bila shida.

Jaribio hili la pamba huonekana kuwa jepesi kuliko yote, lakini ndilo ambalo mganga wa zahanati hulitumia anapomtazama mtu mwenye baka kwenye ngozi. Ugonjwa wa ukoma husababishwa na bakteria ambao daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norwei aliwagundua mwaka 1873. Bakteria hao hupenda kuishi katika ngozi na katika neva zilizo karibu na ngozi, nao huziharibu polepole. Baka la ukoma huwa jeupe kidogo au jekundu kuliko ngozi ya kandokando, haliwashi wala haliumi. Mganga akiligusa kwa pamba, mgonjwa aliyefumba macho hapaonyeshi mahali hapo, kwa sababu habari haikuondoka hapo kabisa.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma huozesha vidole hadi vikaanguka, na kwa hofu hiyo waliwafukuza wagonjwa katika vijiji. Paul Brand, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, aliwachunguza wagonjwa wake kwa makini, akaona mambo yalivyo hasa. Vidole viliharibika kwa sababu havikuwa na habari ya kupeleka. Mgonjwa alishika sufuria ya moto asijue, alikanyaga mwiba na kutembea nao siku nzima, kidonda kikaingia uchafu na kuendelea hadi kwenye mfupa. Kilichokuwa kimepotea kwanza ni maumivu. Sisi ambao tumeyalaumu maumivu tangu mwanzo wa sura hii, kwa kuchelewa kwake na kwa ukali wake, yafaa tuyatazame upya.

Siku hizi ukoma unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri mgonjwa apewe dawa za aina mbalimbali kwa pamoja, ambazo humezwa kwa miezi 6 au 12, nazo hutolewa bila malipo. Mgonjwa akiisha kuanza dawa, haambukizi tena baada ya muda mfupi. Lakini neva iliyokwisha kufa dawa haiifufui. Kwa hiyo ni heri baka litambuliwe mapema. Kama wewe au ndugu yako ana baka lisilohisi pamba, aende zahanati. Usimwite mtu jina baya kwa ajili ya jaribio ulilolifanya. Kazi ya kuamua ni ya mganga.

Kuzisikiliza neva

Habari katika neva ni mabadiliko madogo ya umeme. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alitangaza mwaka 1791 jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyoruka ilipoguswa kwa umeme. Katika miaka ya 1920 Edgar Adrian wa Cambridge, Uingereza, aliukuza umeme wa neva kwa vyombo vya redio hadi ukasikika katika kipaza sauti. Vyombo vya namna hiyo viliendelea kuwa vya bei kubwa kwa miaka mingi, na havikupatikana ila katika vyuo vikuu. Mwaka 2009 vijana wawili waliosoma katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Greg Gage na Tim Marzullo, walianzisha kampuni ya kutengeneza kisanduku kidogo ambacho shule na watu wa kawaida wangeweza kukinunua. Lengo lao la kwanza lilikuwa kuisikia neva kwa chombo cha dola 100. Mende hulazwa kwa maji ya barafu, mguu wake mmoja huunganishwa na kisanduku kwa pini mbili, na mwanafunzi akivigusa vinyweleo vya mguu ule husikia mlio kama wa mahindi yanayopasuka kikaangoni. Kila mpasuko ni habari moja ipitayo katika neva.

Kisanduku hicho hutumia betri ndogo. Usijaribu kamwe kuunganisha mwili wako, wala mnyama yeyote, na umeme wa nyumbani. Umeme huo huua.

Kazi ya kufanya

1. Pima wastani wako wa kuikamata rula asubuhi kabla ya masomo, kisha jioni baada ya kazi za shamba. Fanya hivyo kwa siku tano. Je, uchovu hubadili muda wako?

2. Mpime kwa rula mtoto wa miaka saba, mwenzako, na babu au bibi yako akikubali. Chora jedwali la matokeo.

3. Katika mnyororo wa darasa, mwanafunzi mmoja alitumia mkono wa kushoto kuminya katika mizunguko ya bega na mkono wa kulia katika mizunguko ya mguu. Eleza kwa nini vipimo hivyo haviwezi kulinganishwa.

4. Twiga ana shingo na miguu mirefu sana. Tuseme habari katika neva zake husafiri mita 50 kwa sekunde, na kutoka kwato hadi kwenye ubongo ni mita 5. Habari ya kukanyaga mwiba itafika baada ya muda gani? Nayo ikisafiri mita 1 kwa sekunde, je?